Paa la Mama, Tororo: shajara ya mradi wa kuwakutanisha ndugu

14 Januari 2024. Lengo, kipimo na bajeti

Mkataba wangu wa chuo uliisha Desemba. Katika vyuo vya umma hapa Uganda mtu hustaafu akifika miaka 60, kisha profesa huomba mkataba na kuurefusha kadiri watakavyomvumilia. Mimi niliurefusha. Niligombea pia umakamu wa chansela, nikafika kwenye orodha fupi, kiti akakikalia mwingine. Nimefundisha takwimu tangu nikiwa kijana, na kwa mazoea hayo nimeamua kwamba hata furaha nitaitafuta kwa mpango: lengo, kipimo, bajeti, muda.

Lengo ni hili. Nyumba ya Mama, nje kidogo ya mji wa Tororo, iezekwe upya na iwekwe kinga ya radi. Kiwanja kipate hati yenye majina ya watoto wote wanne. Ifikapo Krismasi, sisi wanne tulale pale pamoja. Jambo hilo halijatokea tangu 1976, dada alipoolewa Mombasa. Baba alikuwa gadi wa treni za mizigo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na reli ikagawanywa, sisi tulirudi kutoka Nakuru na masanduku yetu, dada akabaki upande wa pili wa mpaka na mumewe. Kiswahili cha nyumbani kwetu ni cha nyumba za reli. Mama huomba kwa Kijopadhola, lakini akikasirika hukasirika kwa Kiswahili.

Kipimo nimechukua cha kuridhika na maisha, cha mwanasaikolojia Ed Diener na wenzake, cha mwaka 1985: sentensi 5, kila moja unaipa alama 1 hadi 7, kwa hiyo jumla huwa kati ya 5 na 35. Alama 20 ndiyo katikati. Nimepata 19.

Nimesoma pia habari za utafiti wa Harvard ulioanza 1938, mwaka aliozaliwa Mama. Waliwafuatilia wanafunzi 268 wa chuo hicho, na kundi jingine la vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston, hadi uzeeni. Walioshikamana na watu wao ndio waliozeeka vizuri zaidi. Sawa. Lakini utafiti huo hausemi utaanzaje kumpigia simu mdogo wako ambaye hamjaongea la maana tangu mazishi ya Baba. Ndiyo sababu naweka shajara hii, ili mwenye ndugu kama wangu aone kilichofanya kazi na kilichokataa.

4 Februari. Hojaji imekataliwa

Nilifungua kundi la WhatsApp, nikatuma andiko la mradi la kurasa sita pamoja na hojaji ya kila mtu kujaza: anaridhikaje na maisha, anatarajia nini kutoka kwa ukoo, na vikwazo ni vipi kwa maoni yake.

Kaka mkubwa alisoma, hakujibu. Mdogo wangu alitoka kwenye kundi. Dada alituma sauti kutoka Mombasa: "Ndugu yangu, mimi nina presha, na mjukuu anaota meno. Hii fomu yako nitaijaza saa ngapi?"

Mama nilimsomea mwenyewe, ana kwa ana. Sentensi ya kwanza: kwa sehemu kubwa maisha yangu yanakaribia vile ninavyotaka. Akasema, "Andika ndiyo. Halafu andika mlango wa jikoni haufungi." Ya pili: hali ya maisha yangu ni nzuri sana. "Andika ndiyo. Ule mlango umeuandika?"

Binti yangu, ambaye ni mhasibu Kampala, alipoona lile andiko alicheka hadi akakaa chini. "Baba, hapa hakuna mfadhili wa kumshawishi." Akalifupisha kuwa mistari mitatu: tunaezeka kwa Bibi, tunataka tuwe wote Krismasi, mwenye neno apige simu. Dada alipiga siku hiyohiyo.

Kwa atakayeiga: anza na mlango. Bawaba mbili na komeo, shilingi 18,000. Fundi, 15,000.

24 Machi. Paa

Paa limekamilika kabla ya mvua kubwa. Mabati 46 ya geji 28 kwa shilingi 54,000 moja, jumla 2,484,000. Mbao, misumari na kofia za bati, 1,320,000. Mafundi, 950,000.

Mchwa walikuwa wamekula mbao za juu ya ukuta upande wa magharibi, ukizigusa zinamwagika kama unga. Hilo liliongeza wiki nzima na sehemu ya bei ya mbao. Ukikagua paa la zamani, usitazame mabati kwa chini ukaridhika. Panda na msumari, uchome kila mbao inayolala ukutani.

Mabati ya zamani, aliyoyapiga Baba, yalikuwa mazito kuliko haya tuliyonunua. Nilishakubaliana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu. Kaka mkubwa akaja na mkokoteni bila kusema neno, akaanza kuyapakia. Nikamuuliza ni ya nini. "Ya banda la mbuzi." Mnunuzi nikamrudisha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kaka kukanyaga kwa Mama nikiwapo mimi, kwa hiyo naiweka upande wa mafanikio, ingawa hakusalimia.

28 Aprili. Kinga ya radi imeibwa

Tororo hutajwa miongoni mwa mahali duniani penye radi nyingi zaidi kwa mwaka, na nyumba ya Mama imekaa kwenye mgongo wa kilima, mwamba wa Tororo unauona kutoka uani. Mwembe wa jirani ulipasuliwa na radi miaka michache iliyopita. Kwa hiyo sikutaka mzaha: nilileta kampuni kutoka Kampala, wakafunga kinga yenye waya wa shaba kuanzia kileleni hadi ardhini. Shilingi 2,400,000, risiti ninayo.

Haukumaliza mwezi. Usiku wa mvua walikuja, wakakata waya kuanzia chini hadi mahali mkono wa mtu juu ya ngazi unapofika, wakaenda. Mama anasema walikuwa wezi wenye adabu, hawakukanyaga maharage yake. Tumeandikisha polisi. Shaba hupimwa kwa kilo ikauzwa, na saa hizi imeshayeyushwa.

Nyumba yenye ncha juu ya paa na waya usiofika ardhini iko kwenye hatari kubwa zaidi. Radi ikipiga ile ncha itajitafutia njia yenyewe, kwenye ukuta, kwenye nyaya za taa, kwa mtu aliyeegemea. Nilipopigia kampuni ile, walinitajia bei ya kurudia kazi yote.

Nikiwa nahesabu zilizobaki, Mama akauliza kwa nini tunawatafuta watu wa Kampala wakati mdogo wangu ni fundi umeme, na yuko Malaba, mji wa mpakani na Kenya, mwendo wa nusu saa.

16 Juni. Malaba, na kipima ethi

Mdogo wangu hakupokea simu zangu. Nikaenda. Nilimkuta juu ya ngazi kwenye ghala moja karibu na maegesho ya malori, anavuta nyaya. Akanitazama, akarudi kwenye kazi yake.

"Profesa," akasema bila kugeuka. "Shika ngazi."

Nikashika ngazi. Chini pale palikuwa na mafuta ya lori yaliyomwagika na ngazi ilikuwa inateleza kweli, hakuwa ananitania. Alinituma koleo, akanituma utepe mweusi, akanirudishia bisibisi isiyo yake. Alipomaliza tulikula chapati na maharage kwenye kibanda cha jirani. Hapo ndipo aliponiambia kilichomkera: si hojaji wala kundi la WhatsApp, ni kwamba niliwalipa wageni milioni mbili na zaidi kwa kazi yake, kwenye nyumba ya mama yake, bila hata kumuuliza bei. Habari nyingine, ya mwaka 1984, aliigusa kidogo tu, akaiacha. Nitaifikia.

Alikuja Jumamosi iliyofuata na kipima ethi cha kuazima, chombo cha kupima jinsi umeme unavyoingia ardhini. Kwanza alipima zile fimbo za ethi ambazo kampuni ilizipigilia, kwa kuwa hizo wezi hawakuzing'oa. Omu 41, na kadiri omu zilivyo chache ndivyo umeme unavyoingia ardhini kwa urahisi. Lengo la kawaida ni chini ya omu 10. Kumbe hata waya ungebaki, kinga yenyewe ilikuwa nusu: fimbo mbili zimepigiliwa karibu karibu, chini ya upenu, mahali pakavu penye changarawe, kwa sababu pale ndipo palipokuwa rahisi.

Alivyorekebisha, naandika kwa kirefu kwa sababu hii ndiyo sehemu watu watakayotaka kuiga:

Alihamisha ethi hadi bondeni kidogo, maji ya bafu yanakotiririkia, kwenye udongo wenye unyevu mwaka mzima. Akapigilia fimbo tatu, kila moja mbali na mwenzake kwa zaidi ya urefu wa fimbo yenyewe, akaziunganisha. Kipima kikasoma 14. Akaongeza ya nne, akashindilia unga wa mkaa pembeni mwake, tukapata 8.6. Badala ya shaba akashusha mkanda wa chuma uliopakwa zinki, ambao unafaa kwa kazi hii na bei yake kwa kilo haimwamshi mwizi usiku. Mkanda unashuka umenyooka. Mahali pa kupinda, unapindwa kwa duara pana, kwa kuwa kona kali radi huiruka. Mita mbili za chini amezifunika kwa bomba zito, mbali na mlango na mbali na benchi la Mama. Mifereji ya bati nayo, ikifungwa, itaunganishwa humohumo.

Vifaa vilifika 515,000. Nilitoa 300,000, zilizobaki alitoa yeye na akakataa kurudishiwa. Ufundi hakunidai. Nilipojaribu kumpa nauli alinitazama kwa namna ambayo nilirudisha mkono mfukoni.

25 Agosti. Hati ya kiwanja, na alama zangu zimeshuka

Ardhi yetu ni ya kimila. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaruhusu mtu mmoja, familia au jamii kuomba cheti cha umiliki wa kimila. Unapeleka maombi kwa kamati ya ardhi ya eneo, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kamati inakuja kukagua mipaka majirani wakiwapo, faili inapanda bodi ya ardhi ya wilaya, na cheti chenyewe hutolewa na msajili wa gombolola, yaani eneo la utawala lililo chini ya wilaya. Mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, lazima umshirikishe mapema. Kwa karatasi, picha, usafiri na chakula cha siku ya ukaguzi nimetumia 420,000 hadi sasa.

Kilichokwama ni orodha ya majina. Kaka mkubwa alikubali lake, langu na la mdogo wetu. La dada akalikataa: ameolewa, ardhi yake iko kwa mumewe. Nikamletea sheria ya mirathi ilivyorekebishwa mwaka 2022, isiyombagua mtoto wa kike. Nilikuwa nimeichapisha na kupiga mstari kwenye vifungu. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Alisimama, akasema kama nimekuja kumfundisha basi nilete na vibao, kisha akaondoka. Wiki sita hakuonekana. Kuna watu wanaoweza kushindwa na hoja wakatulia, ila sijawahi kumwona hata mmoja kwenye ukoo wetu, mimi nikiwamo.

Mama hakugusa sheria. Siku kaka alipokuja hatimaye kutazama mbuzi, alimwita, akamketisha, akamuuliza swali moja: "Wale ng'ombe uliowatoa mahari walitoka wapi?"

Walitoka kwenye mahari ya dada. Fedha zilikuja kutoka Mombasa mwaka 1976, Baba akanunua ng'ombe, kaka akaoa. Sote tulijua, na hakuna aliyewahi kulitamka. Kaka aliinamisha kichwa, akachora chini kwa fimbo yake kwa muda mrefu. Hakusema ndiyo. Lakini siku ya ukaguzi wa mipaka alikuwapo, akamwonyesha mwenyekiti wa kamati jiwe la mpaka ambalo mimi nisingelipata kamwe.

Nimejipima tena: 16. Mradi wa kutafuta furaha umeipunguza. Binti yangu anasema hilo ndilo tokeo la kwanza la kuaminika katika shajara hii.

20 Oktoba. Fedha zimekatika, na kazi imebisha hodi

Kiinua mgongo hakijaingia. Nimezunguka ofisi, nimejaza fomu ileile, nimeambiwa faili iko njiani. Mifereji na tanki la maji vilikuwa vimebaki, na akaunti yangu haikuwa na kitu cha maana. Ikabidi niandike kwenye kundi kwamba sehemu hii siiwezi.

Siku mbili kimya. Kisha dada akatuma 500,000, binti yangu 400,000, na kaka mkubwa, yule yule, akauza mbuzi akaleta 350,000 mkononi, zimekunjwa ndani ya gazeti. Jumla 1,250,000, imetosha. Na kundi ambalo kwa miezi lilikuwa ubao wangu wa matangazo likaanza kelele: tanki liwekwe wapi, rangi ipi, nani kamwambia fundi achimbe pale. Mdogo wangu alirudi kundini kwa ajili ya kubishana kuhusu tanki. Nimesoma jumbe hizo mara nyingi kuliko ninavyosoma barua pepe za wanafunzi wangu wa uzamivu. Ndugu zangu hawakuwa na nafasi ya kuingia kwenye mradi ambao nilikuwa nimeshaulipia wote.

Wiki hiyohiyo chuo kimoja binafsi Kampala kiliniita niwe mkuu wa kitivo. Gari, ofisi, mshahara mzuri. Nisijifanye: niliitaka. Usiku ule nilishaanza kupanga mtaala kichwani. Waliotaka ni mtu wa siku sita kwa wiki, nikawaambia nitasimamia wanafunzi wa uzamili kwa video, siku mbili. Bado wanafikiria. Kitabu changu cha sampuli nacho kinaendelea, sura ya nne, naandikia mezani kwa Mama kuku wakipita.

29 Desemba. Krismasi

Tulilala wote wanne. Dada alifika kwa basi hadi Malaba akavuka kwa kitambulisho chake cha Kenya. Mdogo wetu alimpokea mpakani. Mama alimshika mikono yote miwili akaanza kumkagua kucha, kama mtoto anayetoka kucheza. Mbuzi, ugali wa wimbi, kuku wa mchuzi wa karanga, na chungu cha malwa, pombe ya wimbi, chenye mirija kwa ajili ya kaka na majirani zake. Gharama 890,000, nilitoa 300,000.

Nilikuwa nimeandaa ajenda. Dada aliichukua, akaitumia kushikia sufuria.

Usiku wa tarehe 26 mdogo wangu alifungua la 1984. Mwaka ule nilipata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza. Baba hakuwa na kazi ya reli tena, na makubaliano yalikuwa kwamba nitatuma karo ya mdogo wangu. Pesa zilifika muhula mmoja, basi. Aliachia Senior Two, yaani mwaka wa pili wa sekondari. Alisema yote mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, huku akimenya muwa. Kaka aliongeza yake, dada akaongeza ambayo sikuyajua, ikafika saa saba usiku tunapandishiana sauti hadi Mama akagonga ukuta.

Nilimuuliza anataka nini. Nilitegemea kiasi cha fedha, na nilikuwa nimeshaanza kukokotoa riba. Akasema binti yake yuko Senior Five, hesabu zinamshinda, na mwalimu wao anafundisha kama anakimbizwa. Nimfundishe mpaka amalize Senior Six.

Tulianza asubuhi iliyofuata, chini ya upenu mpya. Ruwaza na mfuatano. Nimesimamia tasnifu za udaktari, lakini swali la mtoto wa miaka 17, "kwa nini lakini?", lilinichukua hadi chakula cha mchana, na jibu langu la kwanza hakulikubali.

19 Januari 2025. Hesabu na yaliyobaki

Jumla yote ni shilingi 10,262,000. Kati ya hizo 2,055,000 zimetoka kwa ndugu na binti yangu. Shilingi 2,400,000 ziliondoka na wezi wa shaba. Ningeanzia Malaba, hizo zingejenga choo kipya, ambacho Mama anakidai sasa.

Alama zangu ni 23. Kama mtakwimu ni lazima niseme kwamba mtu mmoja aliyejipima mwenyewe, akijua anachotaka kupata, si ushahidi wa kitu chochote.

Kiinua mgongo bado. Cheti bado: faili liko bodi ya wilaya, na kaka mkubwa hajatia saini fomu ya mwisho. Anataka iandikwe wazi kwamba banda la mbuzi ni lake. Dada amekubali kwa masharti kwamba mbuzi wasifungwe upande wa chumba chake, maana sasa anacho chumba, na ametuma vipimo vya pazia. Chuo binafsi kimekubali siku mbili. Jumapili jioni ni za hesabu kwa simu, na mtoto ameshaanza kunikosoa.

Mdogo wangu anasema ethi ipimwe tena Februari, udongo ukiwa mkavu kabisa, kwa sababu 8.6 ya Juni si 8.6 ya kiangazi. Ikizidi 10 tutaongeza fimbo ya tano, na nyundo nitapiga mimi.